Unataka mwanao awe muuguzi? Anza na Kemia, usianze na ng'ombe

KILA mwaka matokeo ya Kidato cha Nne yanapotangazwa, kwa kawaida mwezi Januari, simu hupita mkono kwa mkono vijijini. Mtoto anatafuta jina la shule yake, baba anasubiri pembeni, mama anauliza mara tatu kama mtandao umefunguka. Divisheni ikionekana nzuri, mazungumzo ya chuo huanza usiku huohuo. Mtoto anataka uuguzi. Wiki haijaisha, ng'ombe ameshapata mteja.

Kwa familia nyingi hapo ndipo kosa linapofanyika. Fedha inatafutwa kwanza, sifa za kujiunga zinaulizwa baadaye. Ng'ombe akishauzwa ndipo inagundulika kuwa mtoto hakusoma Kemia, au aliisoma akapata F, na mlango wa chuo cha uuguzi umefungwa. Fedha ya ng'ombe haikai. Inaingia kwenye mahitaji mengine, na ikifika Septemba hakuna ng'ombe wala chuo.

Mkulima anajua kuwa shamba huandaliwa kabla ya mvua. Safari ya kwenda kwenye vyuo vya afya nayo iko hivyo. Haianzi siku ya matokeo. Inaanza mtoto akiwa bado Kidato cha Kwanza au cha Pili, wakati masomo ya sayansi yanapochaguliwa au kuachwa.

Vyuo vya kati vinataka nini

Stashahada ya uuguzi na ukunga nchini husomwa kwa miaka mitatu katika vyuo vya kati vya afya. Mwaka wa kwanza ni ngazi ya nne ya tuzo za taifa za ufundi, wa pili ni ngazi ya tano, na wa tatu ni ngazi ya sita, ambayo ndiyo stashahada yenyewe. Vyuo hivi husimamiwa kitaaluma na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET, ambalo wengi walilizoea kwa jina la zamani la NACTE.

Kwa mhitimu wa Kidato cha Nne, sifa ya chini ya kusomea uuguzi ni ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, bila kuhesabu masomo ya dini. Ndani ya hayo manne lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Ufaulu maana yake ni kuanzia alama D. Hisabati na Kiingereza humwongezea mwombaji nguvu.

Wazazi wengi husoma divisheni tu, hawasomi alama za somo mojamoja. Hesabu ifuatayo inaonyesha hatari yake. Baraza la Mitihani huhesabu A kuwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5, kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi.

Mtoto wa kwanza amepata C katika Kiswahili, Uraia, Historia, Jiografia, Kiingereza, Biolojia na Hisabati. Jumla ni pointi 21, yaani divisheni ya pili. Kijiji kizima kinampongeza. Lakini Kemia na Fizikia aliziacha, hivyo uuguzi hauwezi kumpokea.

Mtoto wa pili amepata D katika Biolojia, Kemia, Fizikia na Kiswahili, na F katika masomo mengine matatu. Jumla ni pointi 31, yaani divisheni ya nne. Nyumbani ananung'unikiwa. Hata hivyo, huyu ndiye mwenye sifa ya chini ya kuomba chuo cha uuguzi. Atashindana na wenye alama za juu kuliko zake na anaweza asichaguliwe, lakini jina lake litapokelewa. Jina la yule wa kwanza halitapokelewa.

Sababu si ukali wa bure. Muuguzi anapoweka dripu, anapopima shinikizo la damu au anapochanganya dawa ya kuulia vijidudu, anatumia Fizikia, Biolojia na Kemia kwa pamoja. Chuo hakina muda wa kuanza kumfundisha upya mambo ya Kidato cha Pili.

Mahali mtoto anapopotea njia

Katika mtaala uliotumika kwa miaka mingi, Fizikia na Kemia zilikuwa za lazima Kidato cha Kwanza na cha Pili. Kuanzia Kidato cha Tatu mwanafunzi aliruhusiwa kuziacha na kubaki na Biolojia, ambayo iliendelea kuwa ya lazima. Maelfu ya watoto waliziacha hapo. Wengine waliziona ngumu, wengine shule haikuwa na mwalimu, wengine walifuata marafiki. Mara nyingi mzazi hakuulizwa wala hakuuliza.

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kuingizwa kwa awamu mwaka 2024, umeigawa sekondari katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Kwa hiyo swali la mtoto asome nini linaweza kuja mapema zaidi kuliko zamani. Mzazi asisubiri barua. Aende shuleni, amwone mwalimu wa taaluma, aulize maswali matatu: Mwanangu yuko mkondo gani? Anasoma Kemia, Biolojia na Fizikia zote tatu? Na nani anazifundisha?

Swali la maabara nalo ni haki ya mzazi. Wakati wa kampeni ya serikali ya awamu ya nne ya kujenga maabara tatu kila sekondari ya kata, wananchi wengi walichangia fedha, mchanga, mawe na nguvu zao. Mkulima aliyetoa gunia ili maabara ijengwe ana sababu ya kuuliza kama mwanawe ameshaingia humo na kushika chupa ya majaribio kwa mkono wake, au kama chumba kimegeuzwa stoo ya madawati mabovu.

Pale ambapo mwalimu wa somo hayupo, wazazi wa kata moja wanaweza kukubaliana na mwalimu wa shule jirani afundishe mwishoni mwa wiki. Wazazi ishirini wakichangia kidogo kidogo, gharama hailingani na ya kumrudisha mtoto kwenye mtihani baada ya kuanguka. Mitihani ya miaka iliyopita inapatikana kwa urahisi na watoto wanaweza kuifanya kwa vikundi. Kinachotakiwa nyumbani ni taa, meza na saa mbili za jioni ambazo mtoto hatumwi dukani.

Hesabu za bomba la dawa

Vyuoni hesabu huwasumbua wanafunzi wengi, na mtoto wa mkulima anaweza kuanza kuzizoea shambani.

Tuseme kibandiko cha dawa ya wadudu kinaagiza mililita 50 kwa lita 20 za maji, lakini bomba la mgongoni la nyumbani, ambalo wengi huliita solo, linachukua lita 15. Dawa iwe kiasi gani? Mililita 50 zigawanywe kwa 20, kisha zizidishwe kwa 15. Jibu ni mililita 37.5. Anayekadiria kwa kifuniko bila kupiga hesabu huunguza mazao au hufuga wadudu sugu.

Sasa hesabu ya wodini. Mgonjwa ameandikiwa miligramu 250 za dawa. Chupa iliyopo ina miligramu 125 katika kila mililita 5. Apewe mililita ngapi? Miligramu 250 zigawanywe kwa 125, kisha zizidishwe kwa 5. Jibu ni mililita 10. Ni hesabu ileile ya solo, isipokuwa hapa anayekosewa si mche wa nyanya.

Mtoto anayeachiwa kupima dawa ya kuku, kuandika tarehe za chanjo ya kideri au kutunza daftari la mauzo ya maziwa anajifunza vipimo, kumbukumbu na uangalifu. Kazi za wodini zinadai hayohayo kila zamu.

Jambo jingine ni lugha. Masomo ya chuo hufundishwa kwa Kiingereza, na wengi huanguka kwa kutoelewa swali, ilhali jibu wanalo. Kati ya mtihani wa Novemba na kufunguliwa kwa chuo, kwa kawaida Septemba au Oktoba, kuna karibu miezi kumi. Mtoto asiikalie bure. Akisoma upya Biolojia ya mwili wa binadamu kwa Kiingereza kurasa chache kila siku, atafika chuoni akiwa amezoea maneno ambayo wenzake wanayaona kwa mara ya kwanza. Aidha, ni vyema aombe ruhusa ya kuzungumza na muuguzi wa zahanati ya kijiji, amuulize kuhusu zamu za usiku, damu, vifo na wagonjwa wakali. Wapo wanaogundua kuwa kazi hii hawaiwezi. Ni heri wagundue kabla ada haijalipwa.

Si uuguzi peke yake

Wazazi wengi wanajua kazi mbili tu za afya, udaktari na uuguzi. Zipo nyingine nyingi, zinazoitwa kwa pamoja sayansi shirikishi za afya. Mtu ambaye wanakijiji humwita daktari wa zahanati mara nyingi ni tabibu, aliyesomea utabibu katika chuo cha kati. Yupo mtaalamu wa maabara anayesoma kipimo cha malaria. Yupo mfamasia wa ngazi ya kati, mtaalamu wa mionzi, wa viungo, wa meno, na afisa afya wa mazingira ambaye wazee wanamfahamu kwa jina la bwana afya.

Kila kozi ina sifa zake. Famasia kwa mfano hutilia mkazo Kemia na Biolojia, hivyo aliyekosa Fizikia asikate tamaa kabla ya kuangalia huko. Kwa mfanyabiashara mdogo famasia ina sura nyingine pia. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanza mkoani Ruvuma mwaka 2003 na baadaye kuenea nchini, yanahitaji mtoa dawa mwenye mafunzo yanayotambuliwa. Mwenye mtaji wa duka lakini hana mtaalamu hawezi kufungua. Familia yenye mtaalamu wake imeshavuka nusu ya kikwazo.

Mavuno matano au matatu

Gharama za vyuo hutofautiana, na mwongozo wa udahili wa NACTVET huorodhesha vyuo, kozi na ada zake. Mzazi asome mwongozo wa mwaka husika, asitegemee bei aliyosikia kwa jirani. Juu ya ada kuna malazi, chakula, sare, vitabu, bima ya afya, nauli, na gharama za mafunzo kwa vitendo hospitalini. Chuo kiombwe orodha kamili kwa maandishi.

Tuseme, kwa mfano tu, gharama zote kwa mwaka ni Sh1.8 milioni. Kwa miaka mitatu ni Sh5.4 milioni. Familia inayoanza kutafuta fedha baada ya matokeo ina mavuno matatu ya kulipia: la mwaka wa kuingia chuo na mawili yanayofuata. Kila vuno litoe Sh1.8 milioni. Gunia la mahindi likiuzwa Sh60,000, hayo ni magunia 30 kila mwaka kwa mtoto mmoja.

Familia iliyoanza mtoto alipoingia Kidato cha Tatu ina mavuno matano kwa deni lilelile. Kila vuno litoe Sh1.08 milioni, sawa na magunia 18. Tofauti ya magunia 12 kwa mwaka ndiyo inayoamua kama wadogo zake watabaki shule na kama mbegu ya msimu ujao itanunuliwa. Ng'ombe anabaki zizini kwa ajili ya dharura, na maziwa yake yanaendelea kununua sabuni na daftari.

Akiba hiyo si lazima ikae kama fedha taslimu. Wapo wanaoiweka katika SACCOS au VICOBA, na wapo wanaoihifadhi kama mahindi ili kuuza bei inapopanda. Anayehifadhi nafaka akumbuke dumuzi, ambaye wengine humwita Scania, kwani akiingia ghalani ada hugeuka unga wa vumbi. Mifuko isiyopitisha hewa hulipa gharama yake.

Tarehe za ada na tarehe za mazao nazo zilinganishwe. Mkulima wa mahindi wa nyanda za juu kusini huwa ameshavuna chuo kinapofunguliwa, lakini akiuza yote kwa haraka hupata bei ya chini. Mkulima wa korosho wa Mtwara na Lindi yuko katika hali tofauti, kwa kuwa minada yake huanza karibu Oktoba na malipo huja baadaye. Huyu aulize mapema kama chuo kinapokea ada kwa awamu, na apate jibu kwa maandishi.

Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kutoa mikopo kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya na sayansi shirikishi zikiwamo. Mkopo si wa kila mwombaji, na ni deni litakalorudishwa. Familia iombe, lakini isiache kuweka akiba kwa kutegemea jibu ambalo halijatoka.

Karatasi zinazokwamisha

Watoto wenye alama nzuri hukwama kwa sababu ya vyeti. Jina katika cheti cha kuzaliwa linasema Neema, matokeo ya Kidato cha Nne yanasema Nehema. Jina la baba limeandikwa la ukoo huku, la ubatizo kule. Hitilafu hizi hurekebishwa kwa urahisi mtoto akiwa bado shuleni, kabla hajasajiliwa kwa mtihani. Baada ya hapo ni safari za wilayani, viapo na nauli.

Mzazi ahakikishe mapema kuwa mtoto ana cheti cha kuzaliwa cha RITA na majina yanayofanana kila mahali. Kwa yatima wanaotaka kuomba mkopo, vyeti vya vifo vya wazazi vitahitajika na hupaswa kuhakikiwa.

Suala la matapeli nalo ni kubwa. Msimu wa maombi hujitokeza watu wanaodai wanaweza kumwingiza mtoto chuo cha serikali hata kama hana sifa. Hakuna njia hiyo. Maombi hufanywa kwa utaratibu unaotangazwa na NACTVET na vyuo vyenyewe, na malipo hupitia benki au namba ya malipo yenye stakabadhi, si mfukoni kwa mtu. Kabla ya kulipa chochote, mzazi ajiridhishe kwa mambo mawili: chuo kimesajiliwa, na kozi anayoiomba mtoto imepewa ithibati. Chuo kinaweza kuwa halali lakini kikatangaza kozi ambayo hakijaruhusiwa kuifundisha.

Umbali nao uingie kwenye hesabu. Hospitali kadhaa zilizoanzishwa na makanisa maeneo ya vijijini zina vyuo vya afya jirani yake, kama ilivyo Peramiho mkoani Ruvuma, Ndanda mkoani Mtwara, Nkinga mkoani Tabora, Haydom mkoani Manyara na Sengerema mkoani Mwanza. Kwa familia ya jirani na maeneo hayo, nauli na chakula kutoka nyumbani vinaweza kupunguza mzigo kuliko kumpeleka mtoto mjini.

Aliyeanguka Kemia afanye nini

F ya Kemia si mwisho. Mwanafunzi anaweza kurudia somo akiwa mtahiniwa wa kujitegemea katika mtihani wa Novemba unaofuata. Lakini muda ni mfupi. Usajili hufanyika miezi ya mwanzo wa mwaka, na matokeo kwa kawaida hutoka Januari, hivyo familia inayokaa kulaumiana mwezi mzima inaweza kupoteza mwaka wote. Uamuzi ufanywe wiki ileile.

Anayerudia asirudie kwa kusoma peke yake shambani. Kama hapo awali alianguka kwa kukosa mwalimu, bila mwalimu ataanguka tena. Kituo au mwalimu wa somo apatikane kwanza.

Baada ya chuo

Mzazi ajue pia mwisho wa safari ukoje. Stashahada peke yake haimruhusu mtu kutoa huduma. Muuguzi lazima asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na apate leseni. Ajira nayo si ya moja kwa moja kama ilivyokuwa zamani, mhitimu alipopangiwa kituo na wizara. Siku hizi huomba na kushindana, na wapo wanaosubiri kwa muda mrefu au wanaoanza kwa kujitolea na katika hospitali binafsi. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na majengo mengi yamejengwa. Mahitaji ya wahudumu yapo, lakini mahitaji si sawa na mkataba wa ajira mkononi.

Kwa sababu hiyo, familia isiuze shamba lote kwa matumaini ya mshahara wa kwanza. Elimu ya mtoto ni zao la muda mrefu, mithili ya mkahawa au mkorosho. Hupandwa mapema, hupaliliwa kila mwaka, na huvunwa na aliyevumilia bila kula mbegu.

Mzazi mwenye mtoto wa Kidato cha Kwanza au cha Pili ana kazi moja ya kufanya shule zikifunguliwa. Avae viatu, aende shuleni, aombe kuona daftari la Kemia. Likiwa tupu, aulize kwa nini. Safari hiyo haigharimu hata kuku mmoja.